Darasa la kisomo kijijini: lipangwe vipi mpaka mtu mzima asome kweli?

Kila mjadala wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, unapopamba moto, hakosekani wa kuuliza: "Kwani mkataba hawakuusoma?" Huulizwa kwa sauti ya lawama, na wengi hulipokea hivyo hivyo. Lakini wapo kina mama waliotia dole gumba kwenye mikataba ya namna hiyo kwa sababu hawakuwa na njia ya kuisoma, na wapo waliotia saini nzuri kabisa bila kuelewa hata mstari mmoja ulioandikwa juu ya saini hiyo. Kisha huja jibu la pili, nalo la haraka: "Basi wafunguliwe madarasa." Hapo mkanganyiko ndipo unapozidi. Wengi wetu tukisikia darasa la watu wazima tunaona ubao, chaki, a e i o u, na wazee waliojibana kwenye madawati ya darasa la kwanza. Madarasa ya namna hiyo yamefunguliwa mara nyingi, na mara nyingi yamekufa msimu wa kwanza wa kilimo ulipowadia.

Ninavyoamini mimi, darasa la kisomo huponea au hufia kwenye mpango wake, kabla mwezeshaji hajashika chaki. Na mpango unaofaa hauanzii kwenye kitabu. Huanzia kwenye kile ambacho mtu huyu anahitaji kukisoma wiki hii, nyumbani kwake au sokoni, na hauishi mpaka ijulikane atakuwa anasoma nini mwaka mmoja baada ya darasa kufungwa.

Tunazungumzia nini hasa

Elimu ya watu wazima ni jina pana. Ndani yake yamo mafunzo ya ufundi, masomo ya jioni ya sekondari, elimu ya afya, hata mafunzo ya ufugaji wa kuku. Kisomo ni sehemu moja tu: kumfundisha mtu mzima kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tatu. Kisomo chenye manufaa ni kile kilichofungamanishwa na kazi na maisha ya anayejifunza, mvuvi asome habari za nyavu na bei ya samaki, mkulima asome habari za mbegu na viuatilifu. Anayeongoza darasa huitwa mwezeshaji. Na ukisikia MUKEJA, huo ni Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, ulioanza kwa majaribio miaka ya 1990, ambao huwataka wanakikundi wenyewe waseme wanataka kujifunza nini na kuunganisha kisomo na shughuli za kuwaingizia kipato.

Jambo linalochanganya watu zaidi ni kudhani kwamba kujua kusoma ni la ndiyo au hapana. Tanzania iliwahi kulielewa hili vizuri sana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mwaka uliofuata wilaya sita, zikiwemo Ukerewe na Mafia, zikachaguliwa zitangulie kufuta kutojua kusoma, na kuanzia 1975 mitihani ya kisomo ya taifa ikawa inafanyika kila baada ya miaka michache. Mitihani hiyo iliwapanga watu katika hatua nne. Wa hatua ya chini ndiyo kwanza ameanza. Wa hatua ya pili anatambua maneno. Wa tatu anasoma na kuandika sentensi nyepesi. Wa nne anatumia kusoma kwake: anafungua gazeti, anaandika barua, anaweka kumbukumbu za fedha. Aliyejifunza kuandika jina lake tu, kwa kipimo hicho, alikuwa bado mwanzoni mwa safari.

Sasa tazama takwimu tunazozisikia leo. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba takriban asilimia 83 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea nchini wanajua kusoma na kuandika. Wako wanaoisikia takwimu hiyo na kusema tatizo limebaki kwa vikongwe wachache. Lakini karani wa sensa huuliza tu. Hampi mtu karatasi asome. Anayejibu mara nyingi ni mkuu wa kaya, na hujibu kwa niaba ya wote. Kwa hiyo takwimu ile inatuambia kaya zinajisemaje. Haituambii nani anaweza kuelewa ukurasa mmoja wa mkataba.

Wala si suala la vikongwe peke yao. Kampeni za miaka ya 1970 zilifanya kazi kubwa: mwaka 1967 takriban watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma, na kufikia 1986 serikali ilitangaza kwamba waliosalia ni chini ya asilimia 10. Kisha uchumi ukayumba, michango ya shule ikarudi, na watoto wengi wa mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 wakabaki nyumbani au wakaacha njiani, mpaka ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto wale leo ni wazazi wa miaka thelathini na kitu na arobaini na kitu. Wanauza sokoni, wanalea, wanakopa. Ndio hao wanaopewa mikataba.

Swali la kuuliza kabla ya kitu chochote

Tuchukue kijiji cha wakulima wa pamba, tuseme upande wa Kwimba au Maswa. Watu wachache wenye nia njema wanataka kuanzisha darasa. Wanaitisha mkutano, wanauliza: "Mnataka kusoma?" Kila mtu anaitika ndiyo. Majina sitini yanaandikwa, picha zinapigwa, na baada ya wiki sita wamebaki tisa. Wahusika wanasema wananchi hawana mwamko.

Swali lenyewe ndilo lililoharibu. Nani atasimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji aseme hataki elimu? Swali lenye matunda huulizwa mmoja mmoja, kwa utulivu, na mtu ambaye wanamwamini: mara ya mwisho uliyolazimika kumpa mtu karatasi au simu akusomee ilikuwa lini, na ilihusu nini? Hapo mambo hutoka. Mama atasema ni daftari la mizani ya pamba, ambalo karani huandika na yeye hupokea alichoambiwa. Mwingine atasema ni kadi ya kliniki. Mwingine ni maelekezo ya dawa ya kunyunyizia pamba, ambayo mwanawe alimsomea nusu nusu. Mwingine ni kitabu cha hisa cha kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho katibu pekee ndiye anayejua kimeandikwa nini. Wapo watakaosema Biblia, na hilo lisidharauliwe. Hamu ya kusoma maandiko imewaweka watu wengi darasani kuliko ahadi zozote za maendeleo.

Na karibu kila mtu atataja simu. Kumpa wakala simu pamoja na namba ya siri akutolee pesa ni jambo la kila siku, na ni hatari ya kila siku. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umewaliza wengi, wasomi wakiwemo, lakini asiyejua kusoma hana hata nafasi ya kuutilia shaka, maana anausikia kupitia kinywa cha mwingine. Kuna na la faragha. Majibu ya hospitali, ujumbe wa mume aliye mgodini, barua ya baraza la kata, vyote hupita kwanza kwa mtoto au jirani. Mtu mzima anayetaka kusoma mwenyewe anadai pia haki ya kuwa na siri zake.

Majibu hayo yakikusanywa, tayari mna mtaala. Mlichobakiza ni kuupanga kuanzia mwepesi kwenda mgumu. Na kama yanaonyesha kwamba wengi wao tayari wako katika kikundi cha hisa kinachokutana kila wiki, msiunde kikundi kipya. Liwekeni darasa hapo hapo, siku hiyo hiyo, saa moja na nusu kabla ya hisa kuanza kununuliwa, na tafuteni siku moja nyingine ya kuongezea. Watu waliokwisha kuaminiana kwa fedha hawataoneana aibu kwa silabi.

Neno la kwanza ubaoni

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi hudhani kwamba kumfundisha mtu mzima kusoma kunahitaji utaalamu wa miaka. Kiswahili kimetupa nafasi ambayo lugha nyingi hazina. Irabu zetu ni tano na hazibadiliki. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Neno linasomwa kama lilivyoandikwa. Anayefahamu silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mpangaji ni kuchagua maneno ya kuanzia na mpangilio wake. Njia ya kuanza na neno zito katika maisha ya watu ilipata umaarufu kupitia Mbrazili Paulo Freire, ambaye mwaka 1963, katika mji wa Angicos, yeye na wenzake walifundisha wafanyakazi wapatao 300 kwa vipindi vya jumla ya saa 40. Kwetu, mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza mwaka 1968 mikoa ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, makao yake Mwanza, ulitengeneza vitabu tofauti kwa wakulima wa pamba, wakulima wa migomba, wavuvi na wafugaji. Hatuanzi kutoka sifuri.

Katika kijiji chetu cha pamba, mimi ningeanza na neno mizani. Watu wana mengi ya kusema juu ya mizani: nani alipunjwa, msimu gani, karani gani. Waache waseme, hata nusu saa ikipita. Mazungumzo hayo ni sehemu ya somo, maana yanawakumbusha kwa nini wamekuja. Kisha neno linaandikwa kwa herufi kubwa, linasomwa lote, linakatwa: mi-za-ni. Kila silabi inaleta ndugu zake. Ma me mi mo mu. Za ze zi zo zu. Na ne ni no nu. Ubaoni sasa pana silabi kumi na tano, na wanakikundi wanaanza kuziunganisha: meza, nazi, nane, zana, zamu, mume, nani, zamani, maneno. Hakuna aliyewatajia maneno hayo. Wameyaunda wao. Mtu mzima akishaunda neno lake la kwanza kwa akili yake, huna haja ya kumhimiza aje kipindi kijacho.

Angalia kwamba sikuanza na pamba, ingawa ndilo zao la kijiji. Silabi ya pili, mba, ina konsonanti mbili zilizobanana, na anayeanza itamkwamisha. Ng'ombe ni mali na heshima kwa Msukuma, lakini neno lenyewe limeanza na ng' na kuishia na mbe. Liache mpaka mwezi wa tatu wa darasa. Maneno kama mkulima na mtoto, ambamo m inasimama peke yake kama silabi, nayo yangoje. Hii ndiyo kazi ya kupanga ambayo haionekani darasani: kukaa chini na majibu ya wanakikundi, kuchagua maneno kama ishirini ambayo kwa pamoja yatapitia silabi zote, na kuyapanga mazito ya maisha na mepesi ya kusoma yatangulie. Kina mama wawili watatu wa kikundi wakae kwenye kazi hiyo, kwa sababu ndio wanaojua neno lipi lina uzito na lipi ni la vitabuni tu.

Jina la mtu lifundishwe tangu siku ya kwanza, hata kama lina silabi ngumu. Anayeitwa Nyanzala hawezi kungoja mpaka ny ifikiwe ndipo aone jina lake.

Lugha ya nyumbani nayo ipangiwe nafasi. Bibi aliyeishi na Kisukuma maisha yake yote anajifunza mambo mawili kwa mpigo anapofundishwa kusoma Kiswahili, na mwezeshaji asiyejua Kisukuma atadhani bibi ni mzito kuelewa. Kisukuma hakina r, kwa hiyo atasema na kuandika lisiti na bala bala. Asicheke mtu, na mwezeshaji asimkatize kwenye kila neno. Maelezo yatolewe kwa lugha inayoeleweka, maandishi yawe ya Kiswahili, na r ipewe vipindi vyake maalumu baadaye.

Kusoma polepole mno

Darasa linapofikia silabi zote, wengi hupumua na kuandaa sherehe za vyeti. Ni mapema mno. Mtu anayesoma mi… za… ni… i… me… ha… ri… bi… ka anachota maji kwa pakacha: akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshavuja. Ametamka kila kitu na hajaelewa kitu. Kichwa cha binadamu hushika vipande vichache kwa wakati mmoja, na vikichelewa kuungana hupotea.

Dawa yake ni mazoezi mengi ya kusoma maandishi mafupi yale yale, mara nyingi, kwa sauti, wawili wawili, mpaka macho yatambue maneno bila kuyakata. Hapo ndipo saa nyingi za mpango zinapohitajika, na ndipo miradi ya miezi mitatu inapowaangusha watu. Wanaacha wakiwa wanatambua silabi lakini hawajasoma, na baada ya mwaka mmoja hata silabi zimefifia. Zile saa 40 za Angicos zilikuwa mlango tu wa kuingilia.

Mwaka 2005 Kampeni ya Kimataifa ya Elimu na shirika la ActionAid walikusanya uzoefu wa miradi ya nchi nyingi na kutoa vigezo 12 vya kisomo cha watu wazima. Kimoja kinapendekeza vipindi vinavyofuata maisha ya wanaojifunza lakini visivyokatika, kwa mfano mara mbili kwa wiki kwa muda usiopungua miaka miwili. Ukipiga hesabu ya saa mbili kila kipindi, mara mbili kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, kwa miaka hiyo miwili unapata saa 320. Anayekuahidi kijiji kizima kitasoma ndani ya wiki nane, mwombe akueleze anaposema "kitasoma" ana maana gani.

Macho, mikono, na saa ya kukutana

Wengi wanaoambiwa wameshindwa kusoma kwa uzee wameshindwa kuona. Kuanzia kama miaka arobaini, jicho hupoteza polepole uwezo wa kuona vitu vya karibu. Mama anaona mbuzi upande wa pili wa bonde, lakini herufi za daftari ni ukungu. Yeye mwenyewe hajui, maana hajawahi kujaribu kusoma; anadhani ndivyo herufi zilivyo. Muulize kama bado anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Kama amekuwa akimwita mjukuu amtungie, anahitaji miwani ya kusomea. Miwani hii ni ya bei nafuu, na iandikwe kwenye bajeti kabla ya vitabu. Kumpima mtu macho mwezi wa nne, baada ya kumwambia miezi mitatu kwamba hajitahidi, ni kumdhulumu. Atakayeonekana ana tatizo zaidi ya hilo apelekwe kwa mganga wa macho.

Mikono nayo. Vidole vilivyoshika jembe miaka thelathini hushika penseli kwa nguvu ile ile. Penseli inavunjika, karatasi inatoboka, na mtu anaona aibu. Wiki mbili za kuchora mistari na miduara mchangani, kisha kwenye daftari lenye mistari mipana, zinatosha kulegeza mkono. Hazijapotea.

Kalenda ifuate shamba. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, palizi hufuata, na mavuno na mauzo hushika kati ya Mei na Agosti. Darasa likifunguliwa Desemba litakufa kwa sababu zinazoeleweka. Lifunguliwe Septemba, baada ya mauzo, watu wakiwa na nafasi na fedha kidogo ya daftari; wakati wa palizi lipunguzwe liwe siku moja kwa wiki, lakini lisifungwe kabisa. Saa pia ziulizwe kwa wanawake wenyewe, maana kwa kawaida ndio wengi. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, maji yakiwa yameshachotwa na chakula cha jioni hakijaanza, huwa kuna nafasi katika vijiji vingi. Wenye watoto wachanga waje nao, na zamu ya kuwaangalia ipangwe wazi.

Madawati ya darasa la kwanza yaepukwe panapowezekana. Ghala la chama cha msingi, kanisa, madrasa, ofisi ya kijiji, kivuli cha mwembe, popote pale mtu mzima anapokaa kama mtu mzima. Wanaume wengi hukimbia kwa kuona haya kujikwaa kwenye silabi mbele ya wake zao na wakwe zao. Waulizwe kama wanataka kundi lao. Wakitaka, wapewe.

Hesabu wanaijua

Hapa uvumi wa kwamba asiyesoma hajui kitu huvunjika wenyewe. Mpe mama wa sokoni hesabu hii: kilo 86 za pamba, kila kilo shilingi 1,150. Kabla hujatoa kalamu atakwambia: kilo mia ni 115,000; toa kilo kumi na nne, yaani 16,100; zinabaki 98,900. Ni sahihi, na njia yake ni nzuri kuliko ya wengi waliofika kidato cha nne.

Anachokosa ni kuiona hesabu hiyo kwenye risiti na kuiandika daftarini ili kesho asibishane kwa kumbukumbu. Mwezeshaji anayeanza na moja jumlisha moja anamtukana bila kukusudia. Aanze kwa kuuliza: umeifikiaje? Kisha aandike ubaoni njia yake, hatua kwa hatua, kwa tarakimu. Yaliyo mageni kweli ni machache: kusoma tarakimu kubwa, nukta ya desimali kwenye mizani, asilimia. Asilimia ipewe vipindi vya kutosha. Riba ya mkopo imejificha humo, na "asilimia 20 kwa wiki" na "asilimia 20 kwa mwaka" zikisemwa haraka husikika kama kitu kimoja.

Nani afundishe, na alipwe na nani

Si lazima awe mwalimu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayeheshimu wakubwa zake, au mama wa kikundi anayesoma vizuri, mara nyingi hufanya vyema kuliko mwalimu wa shule ya msingi aliyechoka na wanafunzi mia moja tangu asubuhi. Anayehitajika ni mtu wa pale pale, anayejua lugha ya pale, asiyekuwa na tabia ya kukaripia. Apewe mafunzo kabla ya kuanza na mengine kila baada ya miezi michache.

Lakini alipwe. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu mipango mingi huandika "kujitolea" mahali palipostahili kuandikwa posho. Mtu hujitolea mwezi mmoja au miwili. Mwezi wa tatu anakwenda kutafuta ada ya mwanawe, na darasa linabaki na ubao. Vile vigezo vya 2005 vinapendekeza mwezeshaji alipwe, kwa saa anazofanya kazi, kwa kiwango kisichopungua mshahara wa chini wa mwalimu wa shule ya msingi. Asiwe na wanaojifunza zaidi ya 30. Na atembelewe na msimamizi walau mara moja kwa mwezi. Gharama ilikadiriwa kuwa kati ya dola 50 na 100 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kijiji peke yake hakiwezi, ila kinaweza kuanza: fungu dogo kutoka kikundi, mchango wa chama cha ushirika, halmashauri. Mnaoanzisha darasa mwoneni Afisa Elimu Kata na Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri kabla ya siku ya kwanza, mliandikishe darasa lenu, na mwulize vitabu na mafunzo yanayopatikana kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Darasa lisiloandikishwa huwa halipo kwenye hesabu za mtu yeyote.

Watasoma nini baadaye?

Miaka ya 1970 swali hili lilijibiwa kwa vitendo: maktaba za vijijini, vipindi vya redio vilivyoambatana na vijitabu, kama kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na kule Kanda ya Ziwa gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa lugha nyepesi kwa ajili ya wasomaji wapya. Vilipopungua, wasomaji walipungua navyo. Asiyekutana na maandishi husahau.

Leo si lazima kungoja gazeti kutoka mkoani. Kumbukumbu za mikutano ya kikundi ziandikwe kwa zamu na zisomwe kwa sauti. Bei za soko ziandikwe kwenye ubao wa tangazo penye njia panda. Hadithi ambazo wanakikundi wenyewe wamesimulia zichapwe kurasa nne, kwa maandishi makubwa, zizunguke. Ujumbe wa simu utumwe na mwezeshaji kila Ijumaa, mistari miwili, unaodai jibu la kuandika. Na mikataba ya mikopo, ile ile inayotumika kijijini, iletwe darasani majina yakiwa yamefutwa, isomwe kifungu kwa kifungu na watu wasiodaiwa chochote na aliyeiandika.

Ziara ya miezi sita baada ya darasa kufungwa iwe imo kwenye bajeti tangu mwanzo. Atakayekwenda asibebe mtihani. Aombe kuonyeshwa daftari la kikundi, aangalie miandiko iko mingapi, aulize nani alisoma daftari la mizani siku ya mauzo na nani bado anampa wakala namba ya siri. Akikuta kazi yote imerudi kwa katibu yule yule wa zamani, kamati ikutane wiki hiyo hiyo na darasa lifunguliwe tena, angalau siku moja kwa wiki, kuanzia pale lilipoachia.